Mzunguko wa Sanje (Udzungwa) kwa siku moja: njia, maji, viatu, na makosa yanayowarudisha watu nusu njia

#1 NyayoMbili (mleta mada)

Habari wakuu.

Kila ukikaribia Juni maswali ya Udzungwa yanaanza upya, na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi. Hapa naweka yanayohusu mzunguko wa Sanje peke yake. Wanaoijua njia mwongezee, na nikikosea mnirekebishe.

Sanje ni njia ya mviringo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ubavu wa mashariki unaotazama bonde la Kilombero. Inaanzia kituo cha askari pale Sanje, inapanda msituni mpaka juu ya maporomoko, kisha inashuka kwa upande mwingine. Urefu ni kama kilomita 5, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kilomita 5 za mjini mtu anazimaliza kwa saa moja na ndala mguuni. Hizi za Sanje weka saa 3 mpaka 4 za kutembea tu. Ukiongeza mapumziko, picha na kuoga, hesabu 5. Maporomoko yana kimo cha mita 170, na ukifika juu maana yake mita hizo zote, na zaidi, umezipanda kwa miguu yako katika joto lenye unyevu, juu ya mizizi na mawe.

Kufika: kutoka Dar ni kilomita 350 hivi. Unapita Morogoro, unavuka Hifadhi ya Mikumi (kilomita 50 za barabara kuu, punguza mwendo, faini za kugonga wanyama hazina mchezo), unafika Mikumi mjini, unakata kushoto njia ya Ifakara. Utavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, utapita mashamba ya miwa, halafu Sanje, halafu Mang'ula kilomita 9 au 10 mbele. Mabasi ya Ifakara yanapita hapo hapo. Wenye muda wanaweza kuja na treni ya TAZARA, ina stesheni Mang'ula.

Kosa la kwanza: kushuka Sanje moja kwa moja kwa sababu njia inaanzia hapo. Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula. Malipo, usajili na muongoza wageni vinapatikana huko, kisha unarudi Sanje kwa gari au bodaboda. Ukishuka Sanje kwanza umejipotezea saa nzima ya asubuhi, na asubuhi ndiyo mali yenyewe ya safari hii.

Kosa la pili: kutoka Dar alfajiri ukitegemea kutembea siku hiyo hiyo. Utafika saa 6 au saa 7 mchana, umechoka kukaa, jua liko utosini. Lala Mang'ula usiku wa kuamkia siku ya safari. Gesti zipo.

Ratiba inayofanya kazi: saa 1 asubuhi uko getini Mang'ula, saa 2 uko Sanje unafunga kamba za viatu, saa 7 mchana umeshashuka. Mawingu ya mlimani hujikusanya mchana, na mvua ikikukuta kwenye mteremko, nusu saa inageuka saa moja na nusu.

#2 binti_kilombero

Nakazia hapo kwenye malipo. Hifadhi za TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) hazipokei fedha taslimu mkononi. Unapewa kontroo namba unalipa kwa simu au benki, au unalipa kwa kadi. Mtandao ukiyumba asubuhi, kundi zima linakaa getini linatazamana. Weka salio kwenye simu jana yake, na liwe kwenye laini mbili tofauti. Raia wa Afrika Mashariki njooni na kitambulisho halisi, cha NIDA au pasipoti, maana viwango vyenu vya shilingi ni tofauti na vya wageni wa nje. Picha ya kitambulisho kwenye simu italeta mjadala.

Kiingilio ni kimoja na ada ya muongozaji ni nyingine. Ukipanga bajeti ya kundi usiisahau ya pili.

#3 Mtaa_wa_Pili

Mkuu NyayoMbili, muongozaji ni lazima? Njia si imechongwa tayari?

#4 NyayoMbili

Ni lazima, na msimamo wa hifadhi ni huo. Udzungwa haina barabara ya gari ndani, kila kitu ni kwa miguu, na ndani humo kuna tembo na nyati. Pia kuna vijia vya doria na vya watafiti vinavyokata njia kuu. Ukikifuata kimoja wapo utadhani uko kwenye mzunguko hadi utakapokuta kimefia kwenye korongo.

Muongozaji mzuri anakuokoa na jambo jingine: mwendo. Mwambieni mapema nani ndiye mwenye pumzi fupi kundini, mtu huyo akae nyuma yake moja kwa moja. Makundi yanayomwacha mchovu mwisho wa mstari hujikuta wa mbele wanapumzika kila baada ya dakika kumi wakimsubiri, yeye akifika wao wanainuka, na hivyo hapati pumziko hata moja.

#5 Kisiki_cha_Mvule

Mleta mada umeandika vizuri ila umeupitia msitu haraka, ilhali msitu huo ndio sababu ya kupanda. Maporomoko yapo kila mkoa.

Udzungwa ni ncha ya kusini ya Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga milima hii unapanda, unapoa, unamwaga maji. Ndiyo maana hata nyakati ambazo bara lilikauka, msitu ulibaki hapa kwa mamilioni ya miaka, na viumbe vyake vikaenda njia yao peke yao. Jambo la nadra zaidi ni kwamba ubavu huu wa Mwanihana (kilele cha upande huu) una msitu usiokatika kuanzia chini kwenye mita 300 hivi hadi kileleni. Kwingine Afrika Mashariki msitu wa chini umeshakuwa shamba, umebaki wa juu tu.

Lakini tusidanganyane: si kila hatua ya mzunguko wa Sanje ni msitu wa kale. Sehemu ya chini ilivunwa mbao kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1992, wakati eneo hili lilikuwa msitu wa akiba. Ukitaka kujua umevuka kutoka msitu uliokatwa kuingia wa kale, angalia haya:

Kwanza chini. Msitu unaojirudishia una vichaka vizito kwa sababu mwanga unafika ardhini, kuna miti myembamba ya umri mmoja, na kandokando yake utaona lantana ile ya maua ya njano na pinki. Msitu wa kale unashangaza kwa kuwa *wazi* chini. Kuna kivuli, majani makavu na nafasi ya kupita.

Pili shina. Miti mikubwa ya zamani ina mizizi iliyosimama kama kuta za mbao pande zote, mingine inamzidi mtu kimo. Haishiki maji kama wengine wanavyosema, inaukaza mti kwenye udongo usio na kina. Kamba za porini nazo zitakwambia umri. Ukikuta kamba nene kama paja, imejisokota kutoka juu hadi chini, haikuanza juzi.

Tatu miti iliyoanguka. Msitu wa kale una magogo makubwa yanayooza taratibu, na juu ya kila gogo kuna shimo la mwanga ambapo miche inagombania nafasi. Angalia miche hiyo: ukiona watoto wa miti ile ile iliyo juu, msitu unajizaa wenyewe. Kwenye msitu uliovunwa, mvule na mkangazi mkubwa ndivyo vilivyoondoka kwanza, kwa hiyo ukimkuta mvule mzee njiani simama umtazame vizuri, huyo alinusurika msumeno.

#6 Jongoo_wa_Msituni

Asante kwa #5. Naongeza wanyama, maana watu wanapishana nao bila kujua.

Mwenye jina ni mangabe wa Sanje, nyani mdogo wa kijivu mwenye uso wa rangi ya nyama na nywele za kichwani zilizosimama. Sayansi ilimjua mwaka 1979 tu, tena kwa kusikia mlio wake kwanza. Wenyeji walikuwa wakimwita ng'olaga siku zote. Anaishi Udzungwa peke yake, hayupo kwingine duniani.

Namna ya kumpata: usitazame juu. Mbega wako juu, yeye muda mwingi yuko chini. Nyamazeni dakika mbili, msikilize majani makavu. Siafu hawasikiki, ndege huparua mara moja moja, lakini kundi la mangabe linasikika kama watu wanaofagia uwanja bila mpangilio: wanageuza majani kwa mikono, wanaokota mbegu, wanaipasua kwa meno, *ka!* Ukisikia huo mpasuko mara tatu nne, kaa pale pale, usisogee. Ukisogea mlinzi wao atapiga kelele na utabaki unaangalia mikia.

Juu mtini kuna mbega mwekundu wa Udzungwa (mgongo mweusi, utosi mwekundu, tumbo jeupe) na mbega mweusi mwenye mabega meupe. Kima yupo pia. Ukisikia kitu kama treni ndogo inapita angani ni mabawa ya hondohondo. Chini, ukiona kitu chenye pua ndefu kama mkonga kinakimbia kwa kurukaruka, huyo ni sange. Watu huandika wamemwona sange uso-kijivu aliyetangazwa 2008. Hapana jamani, huyo anapatikana misitu ya ndani kama Ndundulu. Wa Sanje ni yule mwenye madoadoa mgongoni.

Chakula usiwape. Nyani akishaonja chapati, kila mkoba kwake ni duka.

#7 Mtaa_wa_Pili

Vifaa je? Nimeona orodha moja ina vitu 34 nikakata tamaa.

#8 Fundi_Kamba

34 ni ya wapanda Kilimanjaro. Kwa Sanje hivi vinatosha.

Maji lita 2 kwa mtu, lita 3 kama ni Novemba hadi Februari au kama wewe ni mtu wa jasho. Lita moja kati ya hizo changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) pakiti moja. Baadhi ya wanaokazwa na misuli ya paja wakati wa kushuka wamekunywa maji ya kutosha, huenda walichopungukiwa ni chumvi. Karanga zenye chumvi na mayai ya kuchemsha yaliyochovywa chumvi yanafanya kazi ile ile. Chapati mbili, ndizi mbivu mbili, umemaliza. Wali wa kwenye hotpoti uacheni garini, utakula ukishuka na utauona mtamu zaidi.

Viatu: raba yenye meno, iliyokwisha valiwa wiki mbili kabla. Raba mpya kabisa ndiyo mama wa malengelenge. Raba ya soli laini ya mjini inateleza kwenye mizizi kuliko hata peku. Na kitu ambacho wengi hawakijui: viatu hufungwa mara mbili. Kupanda, legeza kidogo juu ya kifundo ili mguu ukunjike. Kabla ya kuanza kushuka, kaa chini, rudisha kisigino nyuma kabisa, kaza kamba upya kuanzia katikati hadi juu. Usipofanya hivyo mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga ncha kila hatua, na kesho yake kucha ya kidole gumba inakuwa nyeusi.

Suruali ndefu nyepesi, si jinzi. Jinzi ikilowa ina uzito wa mtoto na haikauki. Soksi ndefu, suruali uichomeke ndani yake. Koti jepesi la mvua. Mifuko miwili ya plastiki imara, mmoja wa simu na mmoja wa nguo kavu. Tochi hata kama unaingia asubuhi. Filimbi. Plasta, bendeji moja ya kuvutika, dawa ya kufukuza mbu. Bonde la Kilombero ni la malaria, na usiku gesti uhakikishe chandarua hakina matundu.

Fimbo ni nzuri kwa kushuka, lakini uje nayo kutoka nyumbani. Ndani ya hifadhi hukati wala huokoti. Wanakijiji wenyewe tangu 2011 hawaruhusiwi hata kuokota kuni kavu humo, na hilo liliwagusa jikoni moja kwa moja. Mgeni kutoka Dar akikwanyua tawi mbele yao ni utovu wa adabu kabla hata ya kuwa kosa la sheria.

#9 mamaTwaha

Soksi juu ya suruali ni kwa ajili ya siafu au kupe? Na mkikuta siafu mnafanyaje?

#10 Fundi_Kamba

Vyote viwili dada.

Siafu wanavuka njia kama kamba nyeusi inayotiririka, upana wa vidole viwili au vitatu. Pembeni yake kuna askari wametawanyika, hao ndio wanaouma, na mtu huwakanyaga akiwa anatazama ile kamba. Wa mbele akiwaona aseme kwa sauti "siafu!" na apite bila kusimama, hatua ndefu, miguu iinuliwe. Kila mtu apite mbio mpaka hatua kumi hivi mbele ndipo ajikague. Shida hutokea pale wa kwanza anaposimama upande wa pili kujipangusa, wa tatu na wa nne wanakwama katikati ya msafara.

Aliyeuma usimvute kwa kiwiliwili, kinakatika na kichwa kinabaki kimeng'ata. Mbane kichwani kwa kucha, umng'oe.

Na kuna upupu kandokando, hasa sehemu za chini zilizo wazi, wakati wa kiangazi maganda yakikauka. Ukikugusa usijikune na usikimbilie kumwaga maji, utavisambaza vile vinyweleo. Bandika plasta au selotepu, bandua, rudia mara kadhaa, ndipo uoshe kwa sabuni.

Nyoka: usiweke mkono wala makalio mahali usipopaona. Unavuka gogo? Kanyaga juu yake, angalia ng'ambo, kisha ushuke. Akiuma mtu, hakuna kuchanja, hakuna kufunga kamba, hakuna kunyonya. Mlaze, kiungo kisitikisike, mshushwe kwa kubebwa, apelekwe hospitali. Kubwa ya jirani ni ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mang'ula.

#11 Mpiga_Lenzi

Suala la picha halijaguswa. Ubavu huu unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linapiga maporomoko usoni. Kuanzia mchana mlima wenyewe unayafunika kwa kivuli, picha inakuwa ya kijivu. Hiyo ni sababu nyingine ya saa 2 asubuhi.

Upinde wa mvua kwenye rasharasha unaonekana ukiwa umelipa jua mgongo, jua likiwa bado chini. Kadiri linavyopanda, upinde unashuka, na baada ya kama saa 3 na nusu asubuhi unabaki wa kuuona kutoka juu ukitazama chini, si kutoka chini ukitazama juu.

Ndani ya msitu giza ni kubwa kuliko macho yanavyokuambia. Simu itapunguza kasi na picha itatikisika. Egemeza simu kwenye shina au jiwe, tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Karibu na maporomoko, kitambaa cha pamba kikavu mfukoni, lenzi ipanguswe kila baada ya picha mbili, halafu igeuzie chini mara moja. Tishu zinaacha nyuzi.

#12 Mtaa_wa_Pili

Simu za watu zinarekodi umbali tofauti kwenye njia hii. Mmoja 4.8, mwingine 7.1. Nani mkweli?

#13 Mpiga_Lenzi

Hakuna mwongo, ni miti. Simu inahesabu mahali ilipo kwa mawimbi ya setilaiti. Chini ya majani mazito na kando ya mwamba, mawimbi yanafika yakiwa yamegonga kitu kwanza, kwa hiyo kila sekunde chache simu inadhani umeruka mita 10 kushoto, mita 15 kulia. Inajumlisha miruko hiyo yote kama hatua. Ukipumzika dakika 20 chini ya maporomoko bila kusimamisha rekodi, inakuongezea umbali ukiwa umekaa. Kwa hiyo namba kubwa kwa kawaida ni ya aliyepumzika sana, si ya aliyetembea sana. Pakua ramani ukiwa na mtandao Mang'ula, weka simu hali ya ndege, betri itatosha siku nzima bila pawabenki.

#14 Mng'oa_Kisiki

Niseme lisilopendwa: Sanje ni njia ya watalii. Anayetaka msitu wa kale kwa siku moja aende njia ya Kambi Namba 3. Kilomita 13, kama saa 10, na huko ndiko wanyama na ndege walipo. Sanje mnapanda, mnaoga, mnashuka.

#15 Kisiki_cha_Mvule

Mkuu ni kweli kwa msitu, si kweli kwa watu. Mwendo wa saa 10 maana yake ukiingia saa 12 na nusu asubuhi unatoka saa 10 na nusu jioni, akiba kabla ya giza ni ndogo. Mtu ambaye hajawahi kutembea saa 5 mfululizo kwenye mwinuko hapaswi kuanzia hapo. Sanje ni mtihani mzuri: ukiimaliza na miguu ikawa bado yako, kesho yake omba Kambi Namba 3. Ukitaka zaidi kuna Mwanihana, kilomita 38 za siku tatu kwenda kileleni na kurudi.

Na kwa wenye watoto, njia fupi zipo pale pale Mang'ula: Prince Bernhard, kilomita 1, imepewa jina la mwana wa kifalme wa Uholanzi aliyeifungua hifadhi, na Sonjo, kilomita 2.5.

#16 mamaTwaha

Kuoga kule juu ni salama? Na kichocho?

#17 NyayoMbili

Kichocho kinahitaji konokono, na konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, kama mifereji na mashamba ya mpunga huko bondeni. Maji baridi yanayokimbia kutoka msituni si mahali pao. Kuyanywa ni jambo jingine: chemsha au tia dawa ya maji usubiri nusu saa, maana juu yako wapo nyani wasiojua choo.

Hatari ya kule ni kuteleza. Mawe makavu ya kijivu yanashika mguu. Mawe yenye rangi ya kijani iliyokolea au weusi unaong'aa ni sabuni. Kwenye dimbwi ingia kwa kukaa, telezesha miguu kwanza, upapase kina. Usirukie, hata kama jana yake mtu mwingine alirukia, kwa sababu mafuriko yanahamisha mawe. Na usivuke mto upande wa ukingo maji yanapodondokea kwa sababu yoyote ile, hata ya picha. Maji ya magotini yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima, na pale hakuna pa kushikia.

Dalili za kutoka majini mara moja, hata kama juu yako kuna jua: maji yanabadilika rangi kuwa ya chai, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, au sauti ya maporomoko inakuwa nzito. Mvua inaweza kuwa imenyesha kileleni dakika nyingi zilizopita. Mnatoka kwanza, mjadala baadaye.

Msimu: Juni hadi Oktoba njia ni kavu, lakini kufikia Septemba na Oktoba maji yamepungua. Machi hadi Mei maji ni mengi na njia ni utelezi mtupu. Ukichagua, Juni na Julai mwanzoni vinakupa vyote viwili.

#18 binti_kilombero

Moja kuhusu tembo. Kinyesi kibichi njiani kinachotoa mvuke au chenye nzi wengi, matawi yaliyovunjika yenye utomvu unaotiririka: acheni kuongea, muongozaji aamue. Akisema turudi mnarudi, na hamdai fedha. Tembo hawa hushuka usiku hadi kwenye mashamba, ndiyo maana upande wa Mang'ula utaona mizinga ya nyuki imening'inizwa kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, na nyuki hawapendi. Msiiguse na nyinyi.

#19 Mtaa_wa_Pili

Swali la mwisho. Kundini kuna mzee wa miaka 63, ana nguvu ila goti moja linamsumbua akishuka. Tumwache Mang'ula?

#20 Fundi_Kamba

Msimwache, mpangieni. Kupanda hakumuumizi, kinachomuumiza ni kushuka, na kwenye mviringo ukishafika juu hakuna njia ya kukwepa kushuka. Kwa hiyo uamuzi ufanyike mapema. Mwambieni muongozaji tangu getini, akubali kuwasimamisha baada ya dakika 40 za kupanda. Hapo mzee ashuke hatua ishirini za majaribio na kurudi. Goti likilalamika hapo, halitanyamaza mbele. Mmoja wenu arudi naye na muongozaji, ndiyo maana kundi la namna hii liombe waongozaji wawili.

Likikubali: fimbo mbili, hatua fupi, mguu wenye goti bovu utangulie kushuka na ule mzima utangulie kupanda. Kwenye ngazi ndefu ashuke kiubavu. Bendeji ya goti avae kabla ya kuanza kushuka, si baada ya kuvimba. Na mkoba wake abebe kijana.

#21 Mtaa_wa_Pili

Nimekusoma mkuu. Mkoba nitabeba mimi.